Kamba Kavu

Nikiingia katika boma la mtu, hata kama nimealikwa harusi, macho yangu hutafuta maji kwanza. Tangi liko wapi, na lina kifuniko? Kisima kimezibwa? Bwawa liko upande gani wa nyumba, na kati yake na mlango wa jikoni kuna kizuizi gani? Mume wangu alishazoea. Yeye huwasalimu wenyeji kwa niaba yetu sote wawili huku mimi nikizunguka nyuma ya nyumba kama dalali wa mashamba. Wengine hufikiri nina dharau. Sina dharau, nina uchovu ambao haujaniacha tangu nistaafu.

Kazi yangu ilikuwa zimamoto na uokoaji. Nilianza nikiwa binti mwembamba ambaye wanaume wa kikosi walimkabidhi ufagio siku ya kwanza, na nikamaliza nikiwa mkuu wao, na ofisi mjini Nyeri yenye dirisha linalotazama mlima siku zile mlima unapokubali kuonekana. Katikati ya miaka hiyo niliongezewa jukumu la usalama wa watoto. Sikuliomba. Lilizungushwa mkutanoni, kila mtu akilisogeza kwa mwenzake, hadi likafika mbele yangu, na kwa kuwa nilikuwa mwanamke peke yangu pale mezani, wote wakaona limepata mwenyewe.

Nitasema wazi jambo ambalo sikuweza kulisema nikiwa na sare. Mara nyingi hatukuokoa mtu. Tulifika tu. Kufika na kuokoa ni mambo mawili, na kati yake kuna barabara ya matope, lango lililofungwa, na simu iliyopigwa kwanza kwa shangazi, kwa pasta na kwa chifu kabla mtu hajakumbuka kutupigia sisi. Nilijifunza kuwasoma watu kutoka barabarani kabla gari halijasimama. Wakipiga kelele na kukimbia huku na huko, bado kuna la kufanya. Wakiwa wamesimama kimya, hakuna haja ya kuruka kutoka garini.

Moto tuliuzima mwingi, na ndio watu hupenda kuuliza habari zake. Lakini yaliyokuwa yakinimalizia watoto ni maji. Kule Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, mtoto huzaliwa akiyaona maji kila upande, na angalau huyajua. Huku kwetu, ukishapita Kiganjo na kuelekea ile nchi kavu yenye upepo, watoto walikua bila kuona maji yanayowazidi kimo. Kisha yakaja mabwawa ya plastiki, yale ambayo watu huyaita dam. Mtu anachimba shimo kubwa lenye kingo za mteremko, analitandika karatasi nzito nyeusi ya plastiki, anaelekeza humo maji ya paa na ya barabara, na mvua ikiisha bado ana kabeji na vitunguu shambani. Siyalaani. Nimeyaona yakisomesha watoto, na kabeji zake nimezila.

Tatizo ni ile karatasi. Ikishakaa na maji kwa muda inaota utando wa kijani, na kingo zinateleza kuliko sabuni. Mtoto anainama kuchota kwa mtungi wa plastiki, anateleza, anaingia. Ukingo uko pale pale mbele ya uso wake, anaweza kuugusa kwa mikono miwili, lakini hakuna cha kushika. Anapanda kidogo, anarudi. Anapanda tena, anarudi. Mtu mzima akiruka kumfuata, naye hatoki. Nilitoa baba na mwanawe katika bwawa moja asubuhi ya Jumapili, baba akiwa bado na koti lake la kanisani, na mwaka huo wote sikuweza kunawa uso kwenye beseni bila kuwaona.

Dawa yake ni rahisi hadi inatia aibu kuitaja. Chukua kamba nene, piga mafundo makubwa kutoka mwanzo hadi mwisho, ifunge kwenye nguzo iliyochimbiwa mbali na ukingo, kisha itupe ndani ya maji na uiache humo. Hiyo ndiyo dawa yote. Anayeteleza ashike fundo, apande fundo linalofuata, atoke. Wahisani walitupatia kamba ngumu za nailoni, nyeupe, na nikaanza kuzigawa. Nilizungumza katika mabaraza ya machifu, makanisani ibada ikiisha, na kwenye vituo vya kupeleka maziwa alfajiri, wafugaji wakiwa wamejikunyata na ndoo zao. Nilifika hadi Kerugoya. Vijana wangu wa kikosi walinipa jina la Mama Kamba, nami nikalipokea, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilikuwa nikifika kabla.

Boma ninalotaka kulisimulia lilikuwa la mama mmoja mjane, mbele kidogo ya Kiganjo. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa kike, kwa maana mama wa mtoto alifanya kazi ya mkono Nairobi na alikuja siku za sikukuu. Mtoto alikuwa ameanza shule karibuni, mapengo mbele, gambuti, zile buti za mpira, miguuni hata siku ya jua, na maswali yasiyoisha. Aliniuliza kama gari letu linaweza kuzima jua. Aliniuliza kama mimi ni bosi wa wale wanaume au wao ni mabosi wangu. Nikamwambia swali hilo wao pia hujiuliza.

Nyumba ya mama yule ilikuwa safi kupita kiasi. Kila kiti kilikuwa kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na redio nayo ilikuwa na kitambaa chake. Katika kabati la vioo kulikuwa na vikombe vya maua ambavyo vilitoka siku za wageni tu. Alinitolea kimoja, akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, na yeye na mjukuu wakanywa katika vikombe vya plastiki, cha mtoto kikiwa cha njano kilichotafunwa mdomo. Sikushangaa, kwa sababu hata mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Kwetu kitu kizuri hakitumiki. Kitu kizuri hutunzwa. Nimekulia katika nyumba ambayo shuka za wageni zilizeeka kabatini bila kumlalisha mgeni hata mmoja, na sisi tukilala kwenye zilizotoboka. Ningekuwa na akili, ningeiona ile hatari pale pale, mbele ya kikombe changu cha maua, lakini nilikuwa nikifikiria maji.

Tulikwenda bwawani pamoja. Vijana wangu walichimbia nguzo, wakaipaka rangi nyeupe ionekane, wakafunga kamba. Nikamwita mtoto. Nilimfundisha kwenye mteremko mkavu kwa nje, kwanza kwa gambuti, kisha miguu mitupu, apande kwa kushika fundo baada ya fundo. Alipanda kama mbuzi, akateremka, akapanda tena bila kuambiwa. Nikamwambia akianguka ndani asihangaike kupanda popote pale. Ageuke aitafute nguzo nyeupe, aende huko. Akarudia maneno yangu mbele ya bibi yake, kidole juu, kama mwalimu.

"Naangalia nguzo, naenda kwa nguzo, nashika kamba."

Bibi alicheka hadi akafuta macho. Alinisindikiza hadi langoni akiwa na viazi na kabeji ya kunipa, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu, na nilipogeuka kupunga mkono niliiona ile nguzo nyeupe ikisimama nyuma ya nyumba. Nilirudi mjini nikiwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu siku zile furaha haikuwa kitu cha kunijia mara kwa mara.

Miezi iliyofuata nilianza kuyapitia maboma tuliyoyagawia kamba, na furaha hiyo ikaanza kuvuja. Wengine walikuwa wamezifungia ng'ombe. Hao nilijua la kuwafanya. Niliwagombeza mbele ya wake zao, wakacheka kwa haya, wakazirudisha majini. Kilichonishinda ni watu wema. Kule Kerugoya mzee mmoja alinipeleka stoo kwa fahari, akafungua gunia, akanionyesha kamba yangu ikiwa imekunjwa vizuri, kavu, haina hata tone la matope. Alikuwa akingoja nimpongeze. Nilimuuliza mtoto akianguka itakuwaje, naye akanijibu kwa upole kwamba ataikimbilia kuileta. Nikamweleza upya. Akakubali kila neno, akaitupa majini nikimtazama, na sura yake ilikuwa ya mtu anayelazimishwa kutupa chakula.

Niliporudi ofisini niliketi na sikuwasha taa. Ningejua kupambana na uzembe. Ningejua kupambana na ulevi, na watu wakaidi, na wale wasiotaka kusikia la mwanamke. Sikujua kupambana na watu walioheshimu nilichowapa. Boma la mama yule wa Kiganjo sikuliwazia, kwa sababu pale somo lilikuwa limeingia, na mtoto alikuwa amelishika kuliko watu wazima.

Simu ilikuja mchana wa likizo, mvua ndefu zikiwa zimejaza kila shimo. Dereva alipotaja njia niliijua kabla hajamaliza. Tulipinda kwenye kona ya mwisho nikawaona majirani kando ya ua, wengi, wanawake wamejifunika leso mabegani. Walikuwa kimya.

Wanaume walikuwa wameshamtoa. Walimtoa kwa kamba ya kufungia ndama. Alikuwa amelazwa kwenye nyasi, amefunikwa koti la mtu, na gambuti moja haikuwepo. Nilipiga magoti nikafanya yote ninayopaswa kufanya, kifua na pumzi, kifua na pumzi, ingawa mikono yangu ilikuwa imeshaniambia. Niliendelea kwa sababu bibi yake alikuwa amesimama pale akinitazama, na sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuacha. Mmoja wa vijana wangu ndiye aliyenishika bega. Nikainuka, na kwa kuwa sikuweza kumtazama mama yule, nikaenda bwawani.

Maji yalikuwa yametulia. Upande wa jikoni, mahali watu walipochotea, palikuwa na alama moja ndefu ya kuteleza. Hapo ndipo alipoingilia. Lakini hapo hapakuwa na alama za mikono. Alama za mikono zilikuwa upande wa pili, chini ya nguzo nyeupe. Utando wa kijani ulikuwa umekwanguliwa pale kwa vidole vidogo, mistari juu ya mistari, upana wa mtoto mmoja, mahali pamoja tu. Alikuwa amegeuka, akaitafuta nguzo, akaenda kwa nguzo, kama nilivyomwambia. Alivuka maji yote yale. Alifanya kila nililomfundisha isipokuwa lile moja la mwisho, na hilo halikuwa juu yake.

Nguzo ilikuwa tupu.

Nimeulizwa na washauri nasaha kama kuna siku moja ninayoirudia. Ni hiyo, na wala si sura ya mtoto ninayoiona. Naiona ile mistari.

Niliingia ndani. Mama yule alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake chenye kitambaa, jirani amemshika mkono. Kamba ilikuwa ukutani, kwenye msumari, karibu na kalenda ya kanisa. Ilikuwa imekunjwa duara sawasawa na kufungwa utepe katikati ili isilegee. Nyeupe vile vile. Mafundo hayakuwa hata na vumbi, maana yake alikuwa akiyapangusa.

Aliona ninachokitazama.

"Niliitoa mvua ikianza, madam," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayenieleza habari za mifugo. "Nikaikausha kwa jua. Niliona ikikaa kwa maji itaharibika, na ni kitu mzuri ulituletea. Nikasema ile siku utarudi, uipate vile uliiacha."

Nilikuwa na hasira, sitaficha, hasira ya kutaka kuvunja kabati lile la vioo na kila kikombe kilichokuwamo, na wakati huo huo nilitaka kupiga magoti niweke kichwa kwenye mapaja yake. Nilisimama tu na sare yangu yenye maji.

"Mtoto aliniuliza," akaendelea. "Akaniambia, cucu, madam alisema ikae ndani. Nikamwambia akitaka maji aniite kwanza. Leo nilikuwa kwa ng'ombe."

Jirani akamwambia anyamaze, apumzike. Nilitoka nje nikasimama kwenye majani ya nepia hadi gari lilipokuwa tayari, na nililia kwa sauti, kitu ambacho mkuu hafanyi mbele ya kikosi. Hakuna aliyenitania tena kwa jina la Mama Kamba baada ya siku hiyo.

Baada ya mazishi nilifanya jambo lililowafanya wakubwa wangu wanione nimechanganyikiwa. Nilikataa kamba mpya. Nilizunguka kwenye maeneo ya ujenzi na gereji nikiomba kamba kuukuu, zenye oili, zilizounganishwa kwa vipande, chafu kiasi kwamba hakuna mtu mwenye adabu ambaye angezitundika ukutani. Nilisema hizi hawatazitunza. Nikazigawa. Nilipopita tena, nyingi hazikuwepo. Mwanamke mmoja alinieleza kwa haya kwamba walikuwa na wageni wa posa, na ile kamba ilikuwa ikiharibu sura ya boma, kwa hivyo waliitupa. Nilicheka, nikaenda nikaketi garini.

Nikachapisha picha, nikafundisha walimu, nikabandika mabango kwenye vituo vya maziwa. Yote hayo nilifanya, na sitasema hayakumsaidia mtu yeyote, kwa sababu sijui. Katika kazi hii aliyeokoka haletwi kwako. Anakua, anaenda shule, anakupita sokoni bila kukujua. Unaoletewa ni wale wengine. Nilistaafu nikiwa na hesabu ya upande mmoja tu, na kila msimu wa mvua redio ikitaja mtoto na bwawa huwa najua habari nzima kabla mtangazaji hajafika katikati.

Wiki ya mwisho kazini nilimwomba dereva anipeleke kwa mama yule. Sikuwa nimerudi tangu mazishi. Nilijiambia ni kazi nyingi, lakini niliogopa, basi. Tulimkuta akichambua maharagwe uani, amepungua mwili, shingo imekuwa nyembamba. Alinijua mara moja. Hakuinuka kuleta kikombe cha maua kama zamani. Aliyaweka maharagwe kando, akasema twende nyuma.

Bwawa lilikuwa limejaa. Nguzo ile nyeupe ilikuwa imebabuka rangi, na kamba ilikuwa imefungwa hapo, ikishuka ndani ya maji. Sikuitambua. Ilikuwa imegeuka kijani iliyokolea, mafundo yamevimba kwa matope, utando umeizunguka yote. Alisema aliirudisha jioni ile ile ya mazishi watu walipoondoka, na kwamba tangu hapo hakuna aliyeigusa, hata mvua ikija, hata jua likiwaka. Majirani walimwambia aitoe, ya nini tena kwa mama mzee peke yake. Alikataa.

Akaniomba niijaribu.

Nilivua viatu. Mimi ni mwanamke mwenye mwili, na vijana wa kikosi wanalijua hilo. Nilishuka kwenye karatasi ile nyeusi nikiwa nimeshika mafundo hadi maji yakanifika kiunoni, kisha nikaiachia miguu iteleze na kuuweka uzito wangu wote kwenye mikono. Nilining'inia pale. Nguzo haikusogea. Nikapanda fundo baada ya fundo, taratibu, hadi nikafika juu, sketi yangu ikitiririka maji, viganja vimejaa kijani.

"Imeshika?" aliniuliza.

"Imeshika, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Alitazama upande wa jikoni, kisha nguzo, kisha maji katikati, akiifuata njia ile kwa macho polepole, na nilijua ameipita hivyo kila siku tangu hapo.

"Basi iache hapo," akasema. "Usiitoe."

Tulirudi uani. Alikwenda ndani akaniletea chai. Mimi alinipa kikombe cha maua, na yeye akanywa katika kile cha njano kilichotafunwa mdomo.